Kinacholia na Kisicholia

Tarehe 2 Julai 1881, Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi mbili katika stesheni ya treni mjini Washington. Moja ilimparuza mkono. Ya pili iliingia mgongoni na kubaki mwilini, na madaktari wakaanza kuitafuta kwa vidole ambavyo havikuoshwa. Mashine ya eksirei haikuwepo. Mionzi yake ingegunduliwa miaka 14 baadaye. Ndipo alipoitwa Alexander Graham Bell, yule aliyepata hataza ya simu mwaka 1876. Alikuja na koili za waya, betri, na kipokea sauti cha simu cha kuweka sikioni. Ukipitisha koili karibu na metali, sikio linasikia mvumo. Alikuwa amekijaribu kifaa hicho kwa wanajeshi wa zamani waliobaki na risasi miilini tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe, na kilifanya kazi.

Kando ya kitanda cha rais kilivuma karibu kila mahali. Godoro alilolalia Garfield lilikuwa na springi za chuma. Zaidi ya hapo, daktari mkuu alikwisha kuamini kwamba risasi iko upande wa kulia, hivyo Bell aliruhusiwa kupima upande huo tu. Garfield alifariki tarehe 19 Septemba. Walipompasua waliikuta risasi upande wa kushoto.

Kila mtu anapoiona mashine ya shangazi yangu na kuuliza ni kitu gani, mimi huanza na kisa hiki. Mashine yake ni kitukuu cha ile ya Bell. Imepungua uzito, ina skrini na hedifoni, lakini tabia mbili za babu yake haijaziacha: inasikia metali tu, na inasikia pale tu inapoelekezwa. Kwa miaka minne niliyofuatana naye kwenye tope la mto Thames jijini London, nimekuja kuamini kwamba tabia hizo mbili si za mashine peke yake. Ni tabia za historia yenyewe, yaani jinsi tunavyoitafuta na kile tunachokubali kukiita ushahidi.

Shangazi ni mtu wa Tanga. Aliingia Uingereza miaka ya tisini, akasomea uuguzi, na hadi leo anafanya kazi za zamu ya usiku. Wenzake wakimaliza zamu hulala. Yeye huangalia jedwali la maji. Mto Thames, ingawa uko mbali na bahari, unapwa na kujaa mara mbili kwa siku, na penye London Bridge tofauti ya maji kupwa na maji kujaa hufika takriban mita 7 wakati wa bamvua. Wenyeji wengi wa jiji hupita juu ya madaraja maisha yao yote bila kujua habari hiyo. Shangazi aliijua wiki ya kwanza. Alikuwa amekulia kwa bibi aliyekwenda kuchokoa pweza na kuokota chaza kila bamvua lilipofika, na alipoona mawe ya ukingoni yameloa hadi juu ya kichwa cha mtu, alijua kwamba hapa chini pana pwani.

Neno hilo halitiwi chumvi. Pwani, kwa asili, ni pale maji yanapopwa. Siku hizi tunalitumia kwa eneo zima la mkoa, hoteli na minazi, lakini maana yake ya mwanzo ni ule ukanda ambao maji huufunika na kuufunua, mahali pasipo bahari wala nchi kavu. Ukanda huo ndio tunaoutembea mjini London. Shangazi hupanga safari kwa maneno aliyozaliwa nayo. "Wiki hii maji mafu, mwanangu, hatutapata kitu," hunitumia ujumbe. Au, "Jumamosi bamvua. Vaa soksi mbili."

Tunakwenda watatu: yeye, binti yake na mimi. Hapo mtoni huingii kiholela. Mamlaka ya Bandari ya London hutaka kila anayetafuta, hata kwa macho tu, awe na kibali. Cha kwetu cha kawaida kiliruhusu kuchimba sentimita 7.5 na si zaidi. Sehemu nyingine, kama gati la kale la Queenhithe, haziguswi kabisa. Chochote chenye thamani ya kihistoria lazima kipelekwe kwa ofisa wa kumbukumbu za mabaki ya kale. Wanaotamani kibali ni wengi kiasi kwamba mwaka 2022 utoaji wa vibali vipya ulisimamishwa kwa muda.

Mashine inafanyaje kazi? Koili iliyo chini hutuma uga wa sumaku unaobadilika haraka. Uga huo ukikutana na kipande cha metali, huamsha ndani yake mikondo midogo ya umeme, na mikondo hiyo nayo hujenga uga wake dhaifu. Mashine hupokea jibu hilo na kuligeuza kuwa sauti. Msumari wa chuma hutoa sauti ya kukoroma, shaba na fedha hutoa sauti nyembamba ya juu. Aliyezoea anaweza kusema "hii risasi ya bunduki" au "hii kizibo cha soda" kabla hajainama. Shangazi huwa anakosea kizibo cha soda, na sisi hatuachi kumtania.

Kilichoifanya mashine hii ifike mikononi mwa watu wa kawaida ni vita. Mwaka 1941 ofisa wa Kipolandi aliyekuwa Uskoti, Józef Kosacki, alisanifu kifaa cha kutambua mabomu ya ardhini, na mamia ya vifaa hivyo yalitumika El Alamein, Misri, mwaka 1942. Baada ya vita, ujuzi huo uligeuka kuwa mchezo wa wikendi. Ni safari ya ajabu kwa chombo: kutoka kitanda cha mgonjwa, hadi jangwa lenye mabomu, hadi mikononi mwa muuguzi wa Tanga mwenye soksi mbili.

Siku yetu ya kwanza tulikwenda Rotherhithe, na nilielewa springi za Garfield. Hedifoni hazikunyamaza hata sekunde moja. Huko ndiko zilikovunjwa meli kuukuu. Temeraire, meli ya kivita iliyopigana Trafalgar mwaka 1805, ilivutwa hadi hapo na kuvunjwa mwaka 1838. Jirani, Deptford, palikuwa na karakana ya meli za mfalme tangu 1513. Tope lote limejaa misumari, minyororo na vipande vya nanga. Mahali ambapo dola iliacha chuma nyingi, mashine haisikii kingine chochote. Shangazi alivua hedifoni, akaniambia nizime. "Huyu anatupigia kelele," alisema. "Tutumie macho."

Watu wa kwanza kutumia macho mahali hapo walifanya hivyo kwa njaa. Jina la Kiingereza la waokotaji wa Thames lina maana ya ndege wa matopeni, na leo wanajiita hivyo kwa fahari. Katikati ya karne ya 19 lilikuwa jina la dharau. Mwandishi wa habari Henry Mayhew, ambaye kitabu chake kuhusu maskini wa London kilianza kutoka mwaka 1851, aliwahoji. Wengi walikuwa watoto, wengine wa miaka sita, pamoja na wanawake wazee. Waliingia topeni pekupeku, baridi na jua, kuokota makaa ya mawe yaliyodondoka kwenye mashua, vipande vya kamba, mifupa, chuma, na kile kilichokuwa na bei kuliko vyote, misumari ya shaba iliyoanguka meli zilipotengenezwa. Kipato chao kilikuwa kama peni tatu kwa siku. Walijikata kwa vioo na misumari, wakafunga kitambaa, wakarudi topeni kwa sababu maji hayangoji.

Niliposoma habari zao sikuhitaji mtu anichoree picha. Utotoni mwetu Tanga, watoto walitoa sumaku kwenye spika mbovu, wakaifunga kamba na kuiburuta mchangani na mitaroni. Jioni ilikuwa imeota ndevu za misumari na vizibo, na vyote vilikwenda kwa mnunuzi wa chuma chakavu mwenye mizani. Wengine tulifanya kama mchezo. Wengine walikuwa wananunua daftari, au unga wa nyumbani. Kwa mbali huwezi kutofautisha mtoto anayecheza na mtoto anayetafuta chakula, wote wameinama. Ndiyo maana siwezi kuiita kazi ya shangazi burudani bila kukumbuka kwamba hiyo burudani ilianza siku mtu alipoweza kuinama bila kulazimika.

Wapo waokotaji wawili walioamua kwamba kama mto hautoi vitu vya kale vya kutosha, wao watautengenezea. William Smith na Charles Eaton, ambao London nzima iliwajua kama Billy na Charley, walikuwa vijana maskini waliokuwa wakiuza vitu vya topeni kwa wafanyabiashara wa mabaki ya kale. Karibu na mwaka 1857 walianza kuchonga kalibu na kuyeyusha risasi, wakamwaga humo nishani, visanamu na mapambo ya "zama za kati," kisha wakadai yametoka kwenye machimbo ya bandari mpya ya Shadwell. Hawakujua kusoma wala kuandika. Maandishi waliyoyachora pembeni yalikuwa herufi tupu zisizosema kitu. Tarehe walizoweka zilikuwa za karne ya 11 na kuendelea, lakini kwa tarakimu za Kiarabu, ambazo Uingereza ya wakati huo ilikuwa bado haizitumii.

Wasomi waligawanyika. Mwaka 1858 mfanyabiashara aliyekuwa akiviuza vitu hivyo alilishtaki jarida lililoandika kwamba ni vya bandia. Kwenye kesi alisimama mtaalamu mheshimiwa wa mambo ya kale akatetea kwamba ni vya kweli, kwa hoja kwamba hakuna mghushi ambaye angefanya kazi mbaya namna ile. Mfanyabiashara alishindwa kesi, lakini magazeti yalivitangaza vitu vyake na wanunuzi wakaongezeka. Hadi mwaka 1861 ndipo kalibu zenyewe zilipopatikana na siri ikafichuka. Billy na Charley hawakufungwa. Leo vitu vyao viko kwenye makabati ya makumbusho, na mtu anayekusanya vya bandia hulipa pesa nzuri kupata cha mikono yao.

Binti wa shangazi anakipenda kisa hiki kwa sababu ya vicheko. Mimi nakipenda kwa sababu ya lile kosa la tarakimu. Wale wasomi walikuwa na metali mkononi, nzito, inayolia. Walichokosa ni mahali. Hakuna aliyeshuka shimoni Shadwell kuona kitu kikitoka ardhini, kando ya nini, chini ya nini. Kitu kisicho na mahali kinaweza kusema lolote utakalo kiseme.

Sasa niseme habari ya kitu kilicholia kweli. Ilikuwa Machi, upande wa kusini wa mto, baridi ya kukata masikio. Mashine ilitoa sauti nyembamba, fupi. Shangazi alifukua kwa vidole, akatoa kiduara chembamba kuliko senti. Upande mmoja jogoo. Upande mwingine herufi tatu, moja juu na mbili chini.

Ilikuwa tokeni ya mfanyabiashara. Kati ya mwaka 1648 na 1672 Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa chenji. Serikali ilitengeneza sarafu za fedha na dhahabu, lakini mtu wa kununua mkate au kikombe cha bia alihitaji robo peni, nayo haikupatikana. Basi wenye maduka, vilabu na mikahawa wakajitengenezea zao, kwa maelfu ya aina. Kwa kuwa wateja wengi hawakusoma, waliweka picha ya kibao cha duka: jogoo, taji, samaki. Mfalme Charles II alipoanza kutoa sarafu ndogo za shaba mwaka 1672, tokeni zikapigwa marufuku. Nyingi zilitoka kwenye vichochoro vilivyoteketea katika moto mkuu wa 1666. Duka limeungua, kichochoro kimekwisha, chenji imebaki.

Zile herufi tatu zina kanuni. Ya juu ni ya jina la ukoo. Mbili za chini ni za majina ya kwanza ya mume na mke. Yaani katika nchi ambayo mwanamke aliyeolewa hakuwa na mali yake kisheria, jina lake lilikaa kwenye chenji, sawa kwa ukubwa na la mumewe, kwa sababu mtaa ulijua nani hasa anasimamia duka. Wajane nao walitoa tokeni kwa majina yao wenyewe. Shangazi alikaa juu ya jiwe akaitazama muda mrefu. Ana duka lake la vitambaa Tanga alilolifungua kwa pesa za zamu za usiku, na kibao cha mlangoni kina jina la marehemu mumewe peke yake. "Hawa walikuwa na akili," alisema.

Tuliipeleka kwa ofisa. Alipiga picha, akapima uzito, akaandika mahali ilipotoka. Uingereza na Wales zina mpango wa kitaifa wa kurekodi vitu vinavyookotwa na raia. Ulianza mwaka 1997, na vitu vilivyomo kwenye rekodi zake vimepita milioni moja na nusu. Yeyote mwenye intaneti anaweza kuzifungua. Tokeni ya jogoo imo humo, na mji mzima wa watu wa kawaida, wauza bia, washona viatu, mahujaji walionunua beji za risasi, umejengwa upya kwa vitu vya namna hiyo. Kwa kawaida historia huandikwa na wenye wino. Hii imeandikwa na waliodondosha.

Wote waliodondosha, lakini? Hilo ndilo swali aliloliuliza binti wa shangazi siku ile ile, tukiwa kwenye basi. Yeye amezaliwa London na hupenda maswali ya kukata. "Mama, kwenye rekodi zote hizo, sisi tuko wapi?"

Shangazi hakujibu. Alitia mkono mfukoni akatoa kitu kingine alichookota asubuhi hiyo, ambacho hakikuwa kimetoa sauti yoyote. Simbi. Kauri ndogo, nyeupe, imechakaa, kama kete tulizochezea bao.

Simbi haizaliwi Thames. Hukaa kwenye miamba ya bahari yenye joto. Iliyofika London kwa wingi karne ya 17 na 18 ilitoka zaidi visiwa vya Maldivi, ikapitia India kama uzito wa kutuliza meli, ikauzwa London na Amsterdam kwa wafanyabiashara waliokuwa wakienda Afrika Magharibi. Huko ilikuwa fedha. Walinunulia watu. Bei ya mtu mmoja ilihesabiwa kwa makumi ya maelfu ya simbi, na simbi hizo zilishushwa na kupakiwa hapa, kwenye magati haya, zikimwagika kutoka maguniani kama mchele unavyomwagika bandarini kwetu.

Pwani yetu iliingia biashara hiyo baadaye. Kuanzia miaka ya 1840 kampuni za Hamburg zilinunua simbi Zanzibar na kuzipeleka Afrika Magharibi kwa shehena kubwa hadi thamani ya simbi huko ikaporomoka. Zile za Zanzibar ni kubwa kidogo na zina pete ya rangi ya dhahabu mgongoni. Kutoka pwani hiyo hiyo nyingine zilikuwa zimekwisha kuingia bara, na Buganda hadi leo pesa huitwa ensimbi. Kwa hiyo shangazi aliigeuza ile simbi, akatafuta pete. Haikuwepo. Ilikuwa ile ndogo yenye mabega, aina ya Maldivi. "Si ya kwetu," alisema binti. Shangazi akamjibu, "Waliouzwa kwa hii walikuwa wa nani?"

Ofisa aliitazama ile simbi kwa uungwana. Alieleza kwamba gamba la konokono wa baharini lililookotwa juu ya tope haliwezi kupewa umri kwa kulitazama tu. Linaweza kuwa la 1720, linaweza kuwa la mkufu uliokatika mwaka jana. Alikuwa sahihi. Tokeni ina herufi, picha na kipindi kinachojulikana. Simbi haina jina la mtu yeyote. Na hapo ndipo tofauti ilipo: wenye majina kwenye mto huu ni waliotengeneza fedha, na walionunuliwa kwa fedha hawakuandikwa juu yake.

Ukianza kuhesabu visivyolia, vinazidi. Viko vya udongo ndivyo vilivyo vingi kuliko vyote. Vya mwishoni mwa karne ya 16 vina vichwa vidogo kama tondoo ya kidole kidogo kwa sababu tumbaku ilikuwa ghali. Vilikuja kupanuka tumbaku ya Virginia iliposhuka bei, na ilishuka bei kwa jasho la watumwa. Kiko kinazidi ukubwa kadiri shamba linavyozidi watu. Vipini vya visu vya mfupa na pembe navyo havilii. Karne ya 19 Zanzibar ilikuwa soko kubwa kuliko yote la pembe za ndovu, zilizobebwa mabegani kutoka Tabora, Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na London ilikuwa mmoja wa wanunuzi wake wakubwa. Ziligeuka funguo za piano, mipira ya biliadi na vipini. Ng'ambo ya mto, ghala la sukari la bandari ya West India, iliyofunguliwa mwaka 1802, sasa ni makumbusho. Mbele yake palikuwa na sanamu ya Robert Milligan, mfanyabiashara mmiliki wa watumwa aliyeisukuma bandari hiyo ijengwe. Iliondolewa Juni 2020. Sanamu ilikuwa ya shaba nyeusi. Ingelia sana.

Najua baadhi yenu mnaosoma hapa mko Lindi, Pemba au Lamu, na mmeona detekta zikiuzwa mtandaoni kwa bei ya simu nzuri. Mnajua pia kwamba mvua ikinyesha Kilwa Kisiwani, sarafu za shaba hutokeza zenyewe mchangani. Ni sarafu za ajabu: maneno ya upande mmoja yana kina na ya upande wa pili, kama beti. Sishangai mtu akitamani kuzitafuta. Lakini naomba msikilize visa viwili.

Mwaka 1944 mwanajeshi wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu tisa mchangani kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa ya nchi yake. Mwaka 1979 alizipeleka kwa wataalamu. Nne zilikuwa za Kiholanzi. Tano zilikuwa za Kilwa. Za kwetu, upande wa pili wa Bahari ya Hindi! Tangu hapo watu wamebuni kila safari inayoweza kubuniwa, ya jahazi, ya Wareno, ya Waholanzi, ya wavuvi wa Makassar. Hakuna iliyothibitishwa, kwa sababu sarafu ziliokotwa bila tabaka, bila jirani, bila mahali zaidi ya alama ya msalaba kwenye ramani. Zimelia, hazikusema.

Kisa cha pili ni cha Songo Mnara, jirani na Kilwa. Wanaakiolojia wakichimba polepole, kwa mwiko na brashi, walikuta sarafu za shaba zaidi ya 300 zimefukiwa pamoja ndani ya nyumba. Kwa sababu waliona zilivyokaa, na nyumba ilivyojengwa kuzizunguka, walianza kuuliza maswali mazuri: je, ni akiba, au ni zindiko la nyumba? Walijifunza pia kwamba sarafu ziliwekwa makaburini. Mtu mwenye mashine, usiku, angetoka na mkebe wa shaba na kuiacha nyumba bubu milele. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale tangu 1964, inayolinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na Kenya ina ya kwake ya 2006. Huna ruhusa ya kuchimbua. Na hata sheria isingekuwepo, kuna tofauti kati ya tope la Thames, ambalo mawimbi ya maboti hulivuruga kila siku na kitu kisipookotwa leo kesho kimesombwa, na sakafu ya Songo Mnara ambayo imelala salama miaka 600. Ukikiona kitu, kiache kilipo, piga picha, mwite mtu wa makumbusho. Kuacha nako ni kutafuta.

Shangazi ameweka utaratibu wake. Nusu saa ya kwanza hutumia mashine. Nusu saa ya pili huizima, hutembea akiwa ameinama kama aliyeangusha hereni. Hatujakubaliana bado kuhusu nusu saa hizo. Mimi ningependa mashine izimwe mapema, binti yake ana hamu ya fedha ya Kirumi. Nyumbani kwao kuna masanduku matatu chini ya ngazi. La kwanza la metali, kila kitu kwenye mfuko wake na namba ya rekodi. La pili la viko na vigae. La tatu lilikuwa halina jina.

Juzi nililifungua kutafuta kitu kingine. Humo mna ushanga wa kioo, vipini viwili, mfupa uliotobolewa, na ile simbi, sasa iko kwenye kijaluba cha dawa kilichowekewa pamba. Binti wa shangazi, ambaye Kiswahili chake bado anakiandika kwa kusitasita, amekibandika kikaratasi: mahali, siku, saa ya maji kupwa. Chini yake ameongeza mstari, "Haikulia. Mama aliiona."